Una mtu Google?

Siku ya posa, nyumbani kwa kina mke wangu kule Kibosho, wazee walipokwisha kuonja mbege wakaingia kwenye maswali. Kijana ni wa wapi? Wa Tanga. Wazazi wake wapo? Wapo. Kazi yake? Hapo mshenga wangu, ambaye ni mjomba wangu, dereva wa lori mstaafu, akakohoa. Njia nzima kutoka Arusha nilikuwa nimemkaririsha: "Mjomba, wewe sema anafanya masoko ya mtandaoni, basi." Kumbe tulipopita Boma Ng'ombe maneno yalishamtoka. Akasema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote, "Kijana anapandisha kampuni za utalii."

Mzee aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Anapandisha kwa njia ipi? Machame au Marangu?"

"Zote," mjomba akajibu.

Wazee wote wakanitazama mabega. Kwa asiyejua, wapagazi wa Kilimanjaro huku tunawaita wagumu, na mgumu hubeba kilo 20 za mizigo, kichwani au begani, mpaka kambini. Mimi siku hiyo nilikuwa na kilo 58 na shati la kuazima. Yule mzee akamwinamia mwenzake: "Huyu?" Posa ilipita salama, lakini mpaka leo wapo mashemeji wanaoamini nilidanganya.

Kazi yangu ni SEO. Ile ya kufanya tovuti ionekane mtu anapotafuta kitu Google. Huu ni mwaka wa tisa naifanya, hapa Arusha, kwenye chumba cha uani pale Sakina, na wateja wangu karibu wote ni kampuni za kupeleka wageni mlimani na mbugani. Mjomba hakukosea sana, ukitazama. Nimesikia maelezo mengi ya kazi yangu na ya kwake yako karibu na ukweli kuliko mengine.

Mama anaamini natengeneza kompyuta. Jirani ananiletea simu zilizoingia maji. Baba yangu mdogo alinipigia akitaka niifute habari ya kesi ya kiwanja chake "huko Google", utadhani Google ni ubao wa matangazo wa kijiji na mimi ndiye nimekabidhiwa chaki na dasta. Hayo nimeyazoea. Yanayoninyima usingizi ni ya wale wanaonilipa.

Bosi mpya huwa ananiuliza swali moja kabla ya yote, na huliuliza akishafunga mlango: "Una mtu Google?"

Simlaumu. Tumekulia kwenye nchi ambayo ukitaka jambo liende, kwanza unauliza nani anafahamiana na nani. Kwa hiyo akiona kampuni ya ng'ambo ya barabara inatokea juu yake, haimjii akilini kwamba labda wale wameandika vizuri zaidi. Wana mtu. Bosi mmoja alinisogezea bahasha juu ya meza, akasema nimpelekee chai. Nimpelekee nani, bosi? "Huyo wa kule." Nilipoirudisha akaelewa kwamba imekuwa nyembamba, akaingiza mkono mfukoni tena.

Wapo waliosogea hatua moja mbele. Hao wanajua Google inauza matangazo, basi wanadhani ukitangaza sana kule juu, huku chini nako utapandishwa kwa shukrani. Hakuna kitu kama hicho. Tangazo lina alama yake, na pesa ikiisha linaondoka siku hiyohiyo. Matokeo ya kawaida hayanunuliwi, Google wenyewe wameandika. Na katika mwongozo wao kwa wenye tovuti wameandika pia kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Ukurasa huo nimeuchapa, uko kwenye faili, huwa nautoa mezani. Haujawahi kunisaidia hata siku moja, kwa sababu kijana aliyetoka ofisini nusu saa kabla yangu ameahidi nafasi ya kwanza ndani ya siku 30 kwa laki tatu, na kadi yake bado iko palepale karibu na kikombe.

Sina ubaya na vijana hao. Naam, ninao. Maana mimi ndiye ninayeitwa baadaye kufagia.

Wanachouza zaidi ni linki, yaani viungo kwenye tovuti za watu wengine vinavyomleta msomaji kwako. Kuna sababu. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi Stanford, kabla hawajaisajili kampuni mwaka 1998, walikuwa na wazo la kuhesabu linki: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi zenye heshima zake, huenda una jambo la maana. Ni vile unavyotafuta fundi cherehani mjini. Humwulizi fundi, unawauliza waliovaa. Wazo zuri kabisa, na watu hawakukawia kuanza kukodi waliovaa. Aprili 2012 Google wakaleta marekebisho yaliyoitwa Penguin, tovuti nyingi zilizopandishwa kwa sifa za kununua zikaanguka vibaya. Siku hizi linki za aina hiyo mara nyingi zinapuuzwa tu, yaani pesa yako imeingia shimoni na shimo halijakusikia.

Mteja wangu mmoja alikuwa ameshanunua elfu tano kabla hatujafahamiana. Tulikaa tukazifungua pamoja. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa kamari kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeitambua. Ya pili, vidonge vya nguvu za kiume. Ya tatu, blogu ya mapishi: mayai manne, sukari nusu kikombe, safari ya Serengeti kwa bei nafuu, siagi. Bosi aliitazama ile keki kwa muda. "Hawa ndio wananisifia?" akauliza. Nikamwambia ndio hao. Tukafunga, tukaenda kula.

Halafu kuna simu ya usiku. "Tumeshuka!" Saa nne usiku, roho juu. Kumbe bosi yuko Dodoma, kajitafuta kwenye simu ya rafiki yake ili amringie, na hakujiona. Namweleza kwamba matokeo yanabadilika kufuatana na ulipo, lugha ya simu, na mambo mengine, kwa hiyo hakuna "nafasi ya tatu" moja iliyopigwa msumari ukutani. Ananiambia nisimletee siasa.

Mwingine ni kinyume chake: hutafuta jina la kampuni yake, akiwa ndani ya kampuni yake, kwa simu iliyofungua tovuti yake mara mia, anajikuta wa kwanza, anatosheka. "Sasa nikulipe ya nini?" Bosi, nikamwambia, mgeni wako yuko Denver. Hajui jina lako. Yuko kitandani, mkewe kalala, anaandika kwa Kiingereza kwamba kupanda Kilimanjaro ni bei gani, na safari yenyewe ni miezi minane mbele. Tukaandika hivyo hivyo, tukatafuta kama mtu aliyeko Marekani. Ukurasa wa kwanza hayumo. Wa pili hayumo. Wa tano, akanyoosha mkono akafunga kompyuta yangu. "Hiyo Google yako mbovu."

Niseme na la kwangu, nisije nikaonekana namcheka kila mtu.

Januari ya mwaka mmoja nilihamishia tovuti ya kampuni fulani kwenye sura mpya. Wakati wa kujenga, unaziambia injini za utafutaji zisiingie kwanza, maana nyumba haijapigwa hata lipu. Kwenye WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, ni kisanduku kimoja kidogo ndani ya mipangilio. Unaweka tiki, na kuanzia hapo kila ukurasa unabeba mstari usioonekana kwa msomaji unaosema: usiniorodheshe. Nilijenga, nikakabidhi, bosi akachinja mbuzi. Tiki nikaiacha.

Siku ya kwanza hakikutokea kitu, na huo ndio ubaya wake. Google haikufuti siku moja. Inakufuta kila inapopita tena kwenye ukurasa: mmoja leo, sita keshokutwa. Barua pepe za wageni zikapungua taratibu, kutoka kumi kwa siku mpaka tatu, mpaka ile siku ilikuja moja tu, nayo ya mtu anayeuza mahema. Wiki ya tatu nikaitwa. Nilipoingia ofisini nikamkuta mchungaji. Bosi alikuwa na hakika kampuni ya jirani imemfanyia kitu, na maombi ya kufunga yalikuwa yameshaanza wiki iliyopita. Wafanyakazi wawili walikuwa na njaa kwa ajili ya tiki yangu.

Nilifungua Search Console palepale, ile huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti anavyoonekana kwenye utafutaji. Mstari wa grafu ulikuwa umeteremka kama njia ya Mweka, kutoka kileleni moja kwa moja hadi getini. Nilijua kabla sijafika kwenye mipangilio. Ile tiki ilikuwepo, ndogo, safi. Nikaitoa. Vidole vilikuwa baridi.

"Bosi, ni mimi," nikasema. Nikamgeuzia kompyuta nikamwonyesha.

Akakitazama kisanduku, akamtazama mchungaji, akanirudia. "Kitu kidogo hivi?"

Alikataa. Mpaka kesho anaamini ni jirani, na kwamba mimi niliona huruma nikajitwisha. Kurasa zilirudi moja moja, nyingi ndani ya wiki mbili tatu, na sifa zilikwenda kanisani. Mwezi ule sikumdai hata senti. Yeye ndiye aliyesisitiza kunilipa, akisema vita ni vya wote.

Nalikumbuka sana tukio hilo watu wanapoipa kazi hii jina la ujanja. Sehemu kubwa yake ni tiki. Ni picha ya simba yenye megabaiti nane ambayo mgeni anaisubiri mpaka anakata tamaa. Ni kitufe cha kulipia kinachokupeleka kwenye ukurasa uliofutwa zamani. Ni vichwa vya habari 40 vyote vimeandikwa "Karibu". Unapita unaokota kimoja kimoja, na ukimaliza hakuna anayeona tofauti, kama vile hakuna anayempongeza mtu kwa uani uliofagiliwa.

Kinachobaki ni kuuliza maswali, na hapo ndipo tunapogombana.

"Bosi, kupanda mlima kwa njia ya Lemosho, siku nane, ni bei gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Wako wangapi, msimu gani, wanataka hema la choo au hawataki, hoteli ya kabla na baada. Na ada za hifadhi nazo."

"Safi. Tuandike hivyo hivyo."

"Thubutu! Jirani aone bei zangu?"

Basi ukurasa unabaki na sentensi moja: wasiliana nasi upate bei nzuri. Ndiyo sentensi iliyoko kwenye tovuti ya jirani pia, anayeficha bei zake kwa sababu hiyohiyo. Na yule wa Denver keshaondoka, kaenda kwa aliyeandika. Bosi hataki kusema kitu, ila anataka apatikane. Ndiyo maana ananiambia, akikonyeza, "Wewe weka yale maneno." Anamaanisha orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa. Septemba 2009 Google walitangaza kwamba mstari huo hawautumii kupanga matokeo. Mjini hapa bado unauzwa, maneno 200, na risiti unapewa.

Siku moja baada ya ugomvi wa bei nilitoka nje kupunga upepo, nikakaa nyuma ya stoo ambako vijana walikuwa wanaosha mahema. Kulikuwa na mwongoza wageni mmoja, mtu mzima, miaka zaidi ya 20 yuko mlimani, amekaa juu ya ndoo anaparura matope kwenye buti. Nikamwamkia, nikamwuliza wageni huwa wanamwuliza nini.

"Mgeni hakuulizi mlima una mita ngapi," akasema. "Hizo 5,895 amekuja nazo kutoka kwao. Anakuuliza choo kiko wapi."

Akaendelea bila kuombwa. Usiku wa kambi ya Barafu, kabla hamjaondoka kama saa sita kwenda kileleni, ule mpira wa kunywea maji utaganda, kwa hiyo ukishapiga funda moja upulize maji yarudi kwenye mfuko wake ndani ya begi. Simu ilale ndani ya soksi, soksi ilale kifuani, la sivyo baridi itakula chaji na utafika Stella Point, karibu na kilele, umepanda wiki nzima bila picha moja. Biskuti ziwe mfuko wa koti, si wa begi, maana kule juu hakuna mwenye nguvu za kufungua begi. Na wanaume wazima hulia. "Siyo maumivu," akasema. "Wanalia tu. Ukimwuliza analia nini, naye hajui. Unamshika mkono mnaenda."

Nilimrekodi dakika 40. Nikaandika kwa Kiingereza chepesi, kwa mpangilio wake mwenyewe, choo kikiwa cha kwanza. Bosi alisoma mstari wa juu akaruka: choo, kwenye tovuti yangu? Tukabishana siku mbili, akakubali kiwekwe ukurasa wa ndani ambako, alivyosema, hakuna atakayekiona. Ukurasa huo ndio unaomletea wageni wengi kuliko ule wa mbele wenye picha ya tembo na jua linalozama. Wanaandika barua pepe wakizitaja soksi. Bosi aliniita pembeni, akauliza niliweka maneno gani humo.

Mwongoza wageni sikumlipa kwa maelezo yake, nilimnunulia nyama choma, na sijivunii. Yeye aliniomba kitu kimoja tu: niandike wazi bakhshishi ya wagumu na waongozaji ni kiasi gani kwa siku. Nikaandika. Bei ya safari ikabaki siri, bakhshishi ikawekwa hadharani. Hiyo bosi hakuwa na neno nayo.

Siku hizi binamu yangu ananiambia kazi yangu imekufa, watu wanauliza roboti. Kuna ukweli humo na sitaki kujidai shujaa. Tangu Google waanze kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo, Marekani ilikuwa Mei 2024, maswali mepesi hayaleti tena mtu. Anayetaka urefu wa mlima anajibiwa palepale na anakwenda zake. Lakini kuna bosi aliyenipa mkono wa kwaheri akakabidhi roboti kazi, ikamwandikia makala 200 wikiendi moja. Google walikuwa wameshaweka sheria tangu Machi 2024 dhidi ya kurasa zinazofyatuliwa kwa wingi ili kupanda tu, ila si hilo lililomrudisha kwangu. Moja ya makala hizo ilisema Serengeti kuna simbamarara. Ilikaa hewani miezi minne. Mgeni mmoja aliandika akiuliza, je, nikija Julai nina hakika ya kumwona?

Ofisi ilimjibu: inategemea.

Mwezi uliopita baba mkwe alinipigia mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida. Ana kahawa kidogo Kibosho, na wageni wawili watatu huletwa kwake kutwanga na kukaanga na kunywa, kisha wanapiga picha na migomba. Mjukuu kamwambia majirani wote wanaonekana Google. Na kuna mtu kapita pale akitaka laki moja na nusu ili amweke kwenye ramani. Nikamwambia baba, usitoe hata mia, kwenye ramani kunawekwa bure. Jumamosi nikaenda, nikapiga video ya kibao chake na mlango wa kinu kwa ajili ya kuthibitisha, tukakaa barazani na kata ya mbege katikati yetu. Nikatoa daftari.

"Baba, wageni huwa wanakuuliza nini?"

"Kama mbwa anang'ata."

Nikaandika. "Na kingine?"

"Kama wanaweza kununua na kuondoka nayo. Kama kuna choo."

Nikaandika. "Na bei, baba? Mgeni mmoja ni shilingi ngapi?"

Akaangalia migomba. "Inategemea."

Nikaacha nafasi kwenye daftari, nikamwambia tutarudi hapo. Akanywa, akanipa kata, akafuta midomo. "Haya, mwanangu. Na mimi lini nitapanda?"

Nilitazama kata kwanza. "Inategemea, baba."

Hakusema kitu. Alinitazama mabega.